Makala Kuhusu Makala: Jinsi ya Kuchagua Mota ya Gari la Telekomande Ukiwa Butembo au Beni

Hatua ya kwanza ni kupata mtoto. Sizungumzii uzazi, wa kuazima anatosha. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye duka la simenti na madeni ya simenti, hawezi kusimama peke yake uwanjani akiendesha gari la urefu wa sentimita arobaini bila majirani kuanza kumwombea. Akiwa na mtoto pembeni mambo yanageuka: anakuwa baba mwenye moyo, tofauti na wale wanaomalizia Jumapili yao baa. Mtoto mwenyewe si lazima aguse telekomande. Kazi yake ni kusimama aonekane, na kukimbia kuligeuza gari likilala chali. Mimi natumia mpwa wangu wa miaka tisa, na malipo yake ni mandazi mawili kwa kila betri. Ameshaanza kudai matatu.

Hatua ya pili ni kuelewa neno. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia “makala” anafikiria gazeti. Huku kwetu, mashariki mwa Kongo, makala ndiyo yanayoivisha maharagwe: mkaa. Basi mota za magari ya kuchezea zimegawanyika pande mbili kwa neno hilohilo. Ziko zenye makala, na ziko zisizo na makala. Fundi wa pikipiki anayetaka ujue kwamba amepita darasani atasema sharbo, Kifaransa kilichokwisha kuzoea matope yetu. Wakenya na Watanzania wanasema brashi, ingawa ukimfungulia mtu mota akaitafuta hiyo brashi yenye nywele, hataiona mpaka kesho.

Hatua ya tatu ni pesa. Naiacha, maana mtu wa Butembo hapendi pesa zake zitajwe mbele za watu.

Sasa tuingie ndani. Katika mota ya makala, koili za shaba ndizo zinazozunguka, na sumaku zimetulia ukutani. Umeme unatakiwa uingie kwenye kitu kinachozunguka, na njia ni kusugua: vipande viwili vya kaboni, ukubwa wa punje ya hindi, vinasukumwa na springi vikalie pete ya shaba iliyokatwa vipandevipande. Pete ikigeuka, mkondo nao unageuzwa, na koili inaendelea kuikimbilia sumaku ambayo haitaifikia kamwe, kama mtumishi wa serikali na mshahara wake. Mwingereza William Sturgeon alitengeneza mota ya jinsi hiyo mwaka 1832. Makala yanalika taratibu, kama sabuni. Siku yakiisha, mota inanyamaza.

Katika mota isiyo na makala kila kitu kimepinduliwa: sumaku ndizo zinazozunguka, koili zimekaa. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi. Lakini sasa nani atageuza mkondo? Anageuza karani mmoja wa elektroniki, kidhibiti mwendo, anayepeleka umeme kwa zamu katika waya tatu. Wamarekani wawili, Wilson na Trickey, walieleza mpango huo mwaka 1962, transista zilipokwisha kuwa na nguvu za kutosha kufanya kazi ambayo kaboni ilikuwa ikiifanya kwa miaka mia moja na thelathini bila kulalamika. Faida ni kubwa na sitaificha. Mota ya makala hupoteza robo ya umeme wake au zaidi kwa joto na cheche. Isiyo na makala, ikitengenezwa vizuri, inapoteza sehemu moja au mbili tu kati ya kumi. Inapoa upesi zaidi, inaishi zaidi, na matope hayaitishi sana. Hata gari likienda kinyumenyume, kwa zile za bei nafuu unabadilishana waya mbili zozote kati ya zile tatu, basi.

Kasoro yake iko mwanzoni, na iko hasa kwenye zile za bei nafuu, zisizo na kihisi. Kidhibiti hakijui sumaku zimeelekea wapi mpaka zianze kuzunguka, kwa sababu kinasoma umeme unaorudi kutoka kwenye mota yenyewe, na mota iliyosimama hairudishi kitu. Kwa hiyo kinatuma amri kwa kubahatisha. Gari linatetemeka, linarudi nyuma kidogo, linasita, halafu ghafla linaruka mbele kwa nguvu ambazo hakuna aliyeziomba. Mtu anayeishi Butembo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, hana haja ya kuelezwa zaidi utawala wa namna hiyo.

Sokoni utakutana na KV. Imeandikwa kwenye tumbo la mota nyingi zisizo na makala: 2,400 KV, 3,500 KV. Muuzaji atakuambia ni kilovolti. Usibishane naye, msifu tu kwa ushujaa wa kushika kitu kama hicho kwa mkono mtupu. KV ni hesabu ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Mota ya 3,500 ikipewa betri ya volti 7.4 itataka kuzunguka mara 25,900 kwa dakika. Mota za makala zenyewe zinahesabiwa kwa mizingo ya waya: ile ya kawaida, saizi ya 540, unene wa milimita 36 hivi, ina mizingo 27. Mizingo ikizidi, mwendo unapungua na utulivu unaongezeka. Mizingo 55 ni mota ya kupanda mawe, mota ya mzee anayejua anakokwenda na hana haraka ya kufika.

Hapo ndipo msomaji wa Butembo anatakiwa aweke kitabu cha bei chini na kutoka nje kutazama. Mji wetu ni vilima. Ukiacha lami ya barabara kuu, njia zinazopanda na kushuka mitaani ni udongo mwekundu: kiangazi vumbi, mvua ikinyesha sabuni. Land Cruiser ya shirika, pamoja na antena zake zote, inapanda huko kwa gia ya kwanza huku dereva akisali. Na wewe, baba wa mtu, umeshika gari la kuchezea lenye uwezo wa kilomita 60 kwa saa. Utalifanyia nini? Utalipiga moto, litaruka mtaro, litaingia kwenye ua wa mama anayeanika mihogo, na utajifunza matusi ya Kinande ambayo marehemu bibi yako alikuficha.

Kwenye mteremko wa utelezi kinachotakiwa ni mwendo mdogo unaotii. Mota ya makala ikipewa umeme kidogo inazunguka kidogo. Ikipewa zaidi kidogo, inazunguka zaidi kidogo. Haina siasa. Ile yenye waya tatu nayo inaweza, lakini mpaka ununue aina yenye kihisi, ambayo ina waya nyingine ndogondogo za kumwambia karani sumaku ziko wapi, na bei yake ni ya kumwambia mke wako baadaye.

Nitasimulia yaliyonipata, ili mwongozo huu usionekane umeandikwa na mtu wa kusoma tu.

Gari langu la kwanza lilikuwa lisilo na makala. Ndugu yangu alikwenda Guangzhou kwa mambo ya vitenge, nikamsihi. Lilisafiri ndani ya kontena mpaka Mombasa, likapanda Kampala, likavuka mpaka wa Uganda na Kongo pale Mpondwe na Kasindi chini ya marobota, likamaliza kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo, barabara zile ambazo marais wawili walizindua ujenzi wake kule Mpondwe mwezi Juni 2021, na likafika bila mkwaruzo. Siku ya nne nilichomeka betri kinyume. Kulisikika “pha”, moshi mdogo wa kiungwana ukatoka, na kidhibiti mwendo kikaenda kwa mababu. Kosa lilikuwa langu, simsingizii mtu.

Nikalipeleka kwa fundi wa redio, kijana hodari ambaye nimemwona akifufua redio iliyoanguka kisimani. Hakukiangalia kidhibiti. Alifungua mota, kwa kuwa mota ndiyo iliyokataa kuzunguka. Akachungulia kwa tochi ya simu, akaigeuza, akachungulia tena, kisha akanitazama kwa ile huruma ya daktari mwenye majibu mkononi.

“Papa,” akasema, “walikuiba. Humu hamuna makala hata moja.”

Nikamweleza kwamba ndivyo inavyotengenezwa, kwamba ni mota ya kisasa, kwamba bei yake ni kubwa kwa sababu hiyohiyo ya kukosa makala.

“Njo vile wanasemaka,” akajibu, na akajitolea kuitilia makala ya demarere, yaani stata, ya pikipiki ya TVS kwa bei ya urafiki.

Nilicheka njiani, lakini nyumbani kicheko kikaisha. Kijana yule amekulia katika mota ambazo ugonjwa wake unaonekana kwa macho: mota ya kaseti, mota ya waipa, demarere, drili. Makala yameisha, pete imechafuka, waya umekatika. Vitu vitatu, na vyote vina dawa mezani pake. Kidhibiti kilichoungua hakina mlango wa kuingilia. Ni kibao kidogo chenye vidude vyeusi, na dawa yake ni kingine kizima, na kingine kizima kiko Guangzhou. Kwa bei ya mota moja isiyo na makala pamoja na karani wake unaweza kununua za makala nne au tano, ukawa na za kuvunja, za kuazimisha na za kurithisha.

Basi nikanunua ya makala, na tangu hapo fundi na mimi tumekuwa watu wa familia moja. Makala yakiisha anachukua ya drili iliyokufa, anayakwangua kwa msasa mpaka yaingie kwenye nyumba zake. Akikosa ya drili anavunja betri kavu ya tochi na kuchonga ile fimbo ya kaboni ya katikati. Wataalamu watapiga kelele kwamba kaboni ya betri ni ngumu na itakula pete ya shaba. Itakula kweli. Lakini wataalamu hao hawajawahi kuwa Butembo Jumapili mchana, betri imejaa, mtoto wa kuazima amevaa viatu.

Makala mapya usiyapige volti zote siku ya kwanza. Yana uso bapa, na pete ni duara, kwa hiyo yanagusa kwa ukingo tu na yatatoa cheche kama welda. Yape volti 3, yaani betri mbili za tochi zilizofuatana, mota izunguke bila mzigo kwa dakika kumi hadi ishirini, mpaka yachongeke yenyewe yafuate duara. Wengine huzungusha mota ndani ya kikombe cha maji. Maji yanageuka meusi, makala yanakaa upesi. Njia hiyo inafaa, ila baadaye ukaushe na utie tone la mafuta kwenye bushi zote mbili za ekseli, na kikombe usikirudishe jikoni kimyakimya kama mimi. Jambo jingine: nyuma ya mota kuna vikapasita vitatu vidogo vya rangi ya udongo. Fundi atavitoa akisema ni vya urembo. Mzuie. Ndivyo vinavyonyamazisha cheche zisivuruge mawimbi ya telekomande. Bila hivyo, gari la telekomande ya kizamani, ile yenye antena ndefu, litaanza kujiamulia mambo, na mto Kimemi hauko mbali.

Msomaji wa Beni amekuwa akisoma haya kwa kiburi, namjua. Beni iko chini kuliko sisi, joto kidogo, tambarare zaidi, na ina bulevadi ya lami pana ambayo watu wake hawajawahi kuacha kuitaja. Sawa. Kwa lami ya namna hiyo, alfajiri ya Jumapili kabla wamotari wa pikipiki hawajaamka, mota isiyo na makala ina haki yake, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Hapo kilomita 60 kwa saa zina mahali pa kwenda.

Lakini kuna jambo moja, na kwa jambo hili kejeli naiweka mfukoni. Kivu Kaskazini, mkoa wetu, iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Mwezi uliofuata mabomu yalilipuka Beni, moja kanisani. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likalipuka jingine mgahawani. Watu waliofiwa wako mitaani, tunapishana nao. Katika mji kama huo, mtu mzima mwenye betri, waya za rangi na telekomande mkononi si kichekesho kwa anayemwona kwa mbali. Usilibebe gari likiwa wazi. Libebe na mwili wake wa plastiki juu, ule wa rangi ya kuchekesha, betri imechomolewa na imewekwa mbali. Omba ruhusa kwa mkuu wa mtaa kabla hujacheza. Akikataa, amekataa.

Mimi niliwahi kusimamishwa kwenye barieri moja katikati ya miji hii miwili, gari likiwa kwenye mfuko. Mwanajeshi akaligeuza, akaona mota, akahesabu waya kwa kidole. Kwa Kiswahili chenye Lingala nyingi ndani alisema waya mbili ni kitu cha redio, kwa hiyo nipite. Zingekuwa tatu tungezungumza. Katika vitabu vyote vya mota nilivyosoma, hakuna kilichotaja faida hiyo ya mota ya makala.

Sasa betri, ambayo ndiyo mke mwenza wa mota. Mota yenye waya tatu hupenda betri ya lithiamu, yenye seli mbili, kwa pamoja volti 7.4, zikijaa 8.4. Betri hiyo ni tajiri mwenye hasira. Usiishushe chini ya volti 3 kwa kila seli. Usiihifadhi imejaa, iache kwenye 3.8 kwa seli. Ya miliampea 5,000 ichaji kwa ampea 5, usizidishe. Na usiiache peke yake ikichajiwa. Ikivimba kama chapati, imekwisha, wala usiitoboe uone kilichomo. Kilichomo ni moto. Mimi naichajia ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga, nikiwa nimekaa mlangoni. Mke wangu amekubali kwa sharti kwamba chungu kiwe changu, na kweli nilikinunua.

Usiipeleke kamwe kwenye kibanda cha kuchaji simu. Yule kijana mwenye grupu, yaani jenereta, na nyaya arobaini zinazoning'inia ni mwema, atapokea franka zako na ataibana betri kwenye chochote kitakachoshika. Tafuta chaja yake halisi, na uilishe kutoka kwenye betri ya sola ya volti 12. Chaja nyingi za aina hiyo zinakubali. Msomaji wa Mutwanga, ambako maji ya Ruwenzori yanazalisha umeme tangu 2013, anaweza kuiruka aya hii na kutuonea huruma.

Kuna la kuchekesha pia, au la kuliza, chagua. Nyingi za betri hizi za lithiamu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, kule Kolwezi na jirani zake. Inakwenda China ikiwa ghafi, inarudi ikiwa betri, na pale Kasindi mzaliwa huyu wa nyumbani analipishwa forodha kama mgeni.

Mota ya makala inaridhika na betri za nikeli, seli sita, volti 7.2. Ni nzito, zinachoka mapema, lakini zinavumilia kusahauliwa. Sisi tunasahau.

Anayeona haya yote ni mengi, akumbuke kwamba liko gari la tatu. Watoto wa hapa wanalitengeneza kwa kopo la sadini, magurudumu ya sandali zilizokatika na fimbo ndefu ya kuongozea, na wenye vipaji wanachonga chukudu kamili, ile skuta ya mti, ndugu mdogo wa zile zinazoshusha magunia ya viazi kwa uzito wa mlima. Haina makala, haina waya, si mbili wala tatu. Inashuka Butembo kwa kasi ambayo mota yangu haijawahi kuifikia, na mpwa wangu, tangu alipopata yake, ameongeza bei hadi mandazi manne.

Uamuzi wangu basi: Butembo, makala. Beni, isiyo na makala, ikiwa una lami, kibali na ndugu anayesafiri mara kwa mara, na ikiwa na kihisi. Oicha, Lubero, Kyondo na kwingine kwenye udongo kama wetu, fuateni Butembo.

Na mwenye jozi ya makala ya 540 ambayo haitumii, naomba aniletee dukani kabla ya Jumapili. Nitamlipa kwa dola safi, isiyo na mpasuko wala mhuri, ile wanayoipokea hata benki.